Mundu na Herufi

Ukikaa kidogo kwenye soko la Mpondwe, pale Mto Lhubiriha unapoitenganisha Uganda na Kasindi ya Kongo, utasikia ugonjwa mmoja ukitajwa kwa majina mawili. Mama wa Bwera atakwambia mwanawe ana sikoseli. Mama aliyevuka daraja na debe lake la mawese atakwambia wake ni SS, basi, herufi mbili tu kama za kwenye kibao cha gari. Wote wawili wanamsema mtoto yuleyule: anayevimba vidole akiwa mchanga, anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, anayeishiwa damu mara kwa mara. Majina hayo, hata hivyo, hayana asili moja. La kwanza lilitoka machoni. La pili lilitoka kwenye umeme.

Jina la macho ndilo la zamani zaidi katika vitabu. Mwaka 1910, huko Chicago, daktari James Herrick aliandika habari za mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyetoka Grenada, Walter Clement Noel, ambaye damu yake chini ya hadubini ilionyesha chembechembe nyekundu ndefu na nyembamba zilizopinda kama mundu. Umbo likawa jina. Waingereza wakaita kwa mundu wao, Wafaransa wakakopa mundu wa Kigiriki wakapata “drépanocytose”, na Kiswahili cha Tanzania kikaunda selimundu, neno ambalo binafsi naliona zuri kuliko yote kwa sababu mtoto wa shule anaweza kulichora. Shida yake ni ndogo ila inachekesha: kwenye miteremko ya Rwenzori, mahali pa kahawa, mihogo na ndizi, mkono wa mkulima unalijua jembe na panga. Mundu ni chombo cha kuvunia ngano cha watu wa mbali, na umefika hapa ukiwa umebebwa na ugonjwa.

Pwani ya Ghana walisikiliza badala ya kutazama. Daktari Felix Konotey-Ahulu, Mghana aliyetumia maisha yake kwenye maradhi haya, alionyesha kwamba lugha za kwao zilikuwa na jina la ugonjwa muda mrefu kabla ya hadubini ya Chicago. Waga wa pwani hiyo huuita “chwechweechwe”. Litamke taratibu utasikia linavyotafuna na kurudia, kama maumivu yenyewe yanavyorudi kiungo hadi kiungo. Nigeria nako, Wayoruba walimtaja “abiku” na Waigbo “ogbanje”, mtoto anayezaliwa, anakufa, anarudi tena tumboni mwa mama yuleyule. Watafiti kadhaa wamesema kuwa wengi wa watoto hao walikuwa na ugonjwa huu wa damu. Inawezekana kabisa, lakini kuligeuza abiku kuwa kosa la utambuzi ni kulidhulumu: jina hilo linasema kuhusu ukoo, kufiwa na kurejea, mambo ambayo kioo cha maabara hakiulizwi. Mghana alisikia maumivu, Myoruba alihesabu makaburi, Herrick alitazama umbo.

Umeme uliuliza jambo lingine. Huko Uppsala, Uswidi, Arne Tiselius alijaza protini kwenye mrija wa kioo uliopinda kama herufi U, akapitisha umeme, na mwaka 1937 akaonyesha kwamba protini za majimaji ya damu hutengana kila moja kwa mwendo wake, kwa kadiri ya chaji iliyobeba. Hakuweza kuziona kwa macho matupu, kwa hiyo aliutumia mwanga: penye protini nyingi mwanga hupinda zaidi, na mpaka wa kundi moja na jingine ukaonekana kama kivuli. Msomaji wa Kasese, wilaya yenye Mpondwe, anakijua kivuli hicho. Saa nane mchana, ukitoka Kikorongo kuelekea Mpondwe, lami hutetemeka mbele ya gari kama maji. Ni sababu moja: mwanga unapita katika kitu kisicholingana uzito, unapinda.

Pasadena, California, walikichukua chombo hicho wakakiuliza swali la Chicago. Linus Pauling alikuwa amesikia kwa daktari William Castle wa Boston kwamba chembe zilizopinda hung'aa kwa namna ya pekee chini ya mwanga uliochujwa. Jambo hilo lilikuwa limeshaonwa na mtafiti Sherman huko Baltimore mwaka 1940. Harvey Itano, kijana Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, ndiye aliyefanya kazi ngumu ya mikono. Novemba 1949, Pauling, Itano, Singer na Wells walitangaza kwamba himoglobini ya wagonjwa husafiri tofauti na ya wazima. Kiwango cha asidi ambapo chaji yake hujifuta hadi sifuri kilikuwa juu kwa takriban 0.2 tu. Watu wenye chembechembe za mundu lakini wasiougua walikuwa na aina zote mbili ndani ya damu moja. Baadaye, Cambridge, Vernon Ingram akapata sababu: asidi amino moja yenye chaji hasi imeondoka, na mahali pake pamekaa valini isiyo na chaji. Himoglobini nzima ina asidi amino 574. Mbili zikibadilika, moja kwa kila mnyororo wa beta, basi.

Inafaa kuliona hili kwa karibu, maana katika maandishi linaonekana la kichawi na mezani ni la kawaida kabisa. Kuna jeli, nyembamba na nyevu. Mtaalamu anadondosha matone madogo kwenye mstari mmoja: damu ya mtu mzima asiye na tatizo, ya mgonjwa anayejulikana, kisha za wanaopimwa. Anafunika, anawasha. Rangi haihitajiki mwanzoni kwa kuwa himoglobini ni nyekundu yenyewe, na baada ya muda doa moja linaanza kuwa mistari. Katika maji yenye alkali kidogo protini zote hizi zina chaji hasi, hivyo zinakimbilia ncha chanya. A, ya kawaida, inatangulia. F, ya watoto wachanga, inafuata. S, ya mundu, imebaki nyuma, kama mtu aliyeacha nauli nyumbani. Nyuma yake zaidi huja C, inayopatikana hasa Afrika Magharibi. Mwenye mstari wa A na wa S amebeba bila kuugua. Asiye na A, mwenye S peke yake, ndiye yule mtoto wa Mpondwe.

Ndiyo maana nasema jina SS ni la umeme. Herufi S yenyewe imekopwa kwa mundu wa Kiingereza, “sickle”, lakini kinachosomwa ndani yake ni orodha ya waliofika na waliochelewa.

Tofauti kati ya jicho na umeme ingeonekana kubwa, mpaka umkumbuke John Kerr wa Glasgow. Mwaka 1875 alionyesha kwamba umeme mkali ukipitishwa katika kioo au kimiminiko, kitu hicho huanza kuupokea mwanga kwa namna mbili, mmoja kwa mwendo huu, mwingine kwa mwendo ule, kutegemea upande unaotikisikia. Wataalamu wa polima za viumbe walilichukua wazo hilo kwa hamu. DNA ikiwa ndani ya maji huelea ovyo. Mpigo mfupi wa umeme unaipanga, molekuli zinalala upande mmoja kama majani ya mto yaliyosukumwa na maji, na mwanga unalitambua hilo mara moja. Umeme ukizimwa zinatawanyika tena, na muda zinaochukua kutawanyika unaeleza urefu wake, maana iliyo ndefu hugeuka polepole. Tiselius aliivuta molekuli ili kuijua chaji yake. Kerr aliigeuza tu, pasipo kuipeleka popote, na waliomfuata wakajua umbo.

Himoglobini ya kawaida haimpi Kerr kazi ya kutosha, kwani imekaribia kuwa duara, na duara halina upande wa kulala. Lakini himoglobini S ikinyang'anywa oksijeni inajishika yenyewe kwa yenyewe, molekuli kwa molekuli, ikawa kamba yenye nyuzi 14 na unene wa nanometa 21 hivi. Kamba hizo hulala sambamba, zinaisukuma ngozi ya chembe, na mwanga uliochujwa unapita kwa namna mbili. Kile ambacho Kerr alikipata kwa umeme, damu ya mtoto huyu inakifanya bila umeme wowote, ndani ya mishipa, kila hewa inapopungua. Sherman alipouona mng'ao huo hakuwa na mashine ya Tiselius, na Pauling alipopata mashine alikuwa anaufuata mng'ao. Hapo ndipo kwangu mimi njia hizi mbili zinapoacha kushindana.

Mwaka huohuo wa 1949, Uganda ilikuwa na utafiti wake, na huu mara nyingi husahaulika Pasadena inaposifiwa. Hermann Lehmann, mkemia wa viumbe aliyezaliwa Ujerumani, na Alan Raper, mpathojia wa Kampala, walichapisha jinsi chembechembe za mundu zilivyotawanyika katika makabila ya Uganda. Chombo chao kilikuwa slaidi: tone la damu chini ya kioo kilichozibwa lisipate hewa, kisha hadubini. Baamba wa Bundibugyo, upande wa pili wa Rwenzori kutoka Kasese, walikuwa na asilimia 45 ya watu wenye chembe hizo. Pasadena ilikuwa na watu wachache na kipimo kikali. Kampala ilikuwa na watu wengi mno na kipimo kinachosema ndiyo au hapana. Slaidi ile haimtofautishi mbebaji na mgonjwa, wote wawili wanapinda, lakini bila slaidi nyingi hakuna ambaye angejua kwamba karibu nusu ya jamii moja inabeba.

Walichokifanya na takwimu hizo ndicho kinachonikwaza. Kichwa cha makala yao kilizungumzia maana ya kiethnolojia, kana kwamba mundu ni chale ya kabila, na miaka michache baadaye Lehmann aliukuta India ya kusini akafikiria safari za watu wa kale. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akaleta jibu lenye mbu: mbebaji hulindwa dhidi ya malaria kali. Kwa jibu hilo ramani ya damu inaanza kufanana na ramani ya joto na maji. Utafiti wa 2014 na 2015, uliopima sampuli 97,631 za watoto wa Uganda katika maabara kuu ya Kampala, uliwakuta wabebaji asilimia 13.3 na wagonjwa asilimia 0.7. Kusini-magharibi kwenye vilima baridi wabebaji walikuwa asilimia 4.6, kati-mashariki mwa nchi 19.8. Kipimo kilikuwa cha umeme, cha aina ambayo jeli ina ngazi za asidi na kila himoglobini husafiri mpaka ifike pale chaji yake inapokwisha, ikasimama. Ile tofauti ndogo ya Pauling, iliyotafutwa kwa jasho kwenye mrija mmoja, sasa inasomwa kwa maelfu kutoka damu iliyokaushwa kwenye karatasi.

Watu wa Bwera wanajua vizuri kwamba damu husafiri. Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka ikiwa mwilini mwa mtoto wa miaka mitano, jibu la kipimo lilitoka mbali, maabara ya Entebbe. Umbali huo ndio unaofanya njia zisizo na umeme zisiwe za kudharauliwa. Ipo moja ninayoipenda kwa jinsi ilivyo ya wazi. Damu kidogo inatiwa kwenye mrija wenye dawa inayopasua chembe na kuondoa oksijeni, na nyuma ya mrija panasimamishwa karatasi yenye mistari myeusi. Ukiisoma mistari, hakuna S. Isipoonekana, kamba zimejisuka na kuuziba mwanga. Kama slaidi ya Raper, haimtengi mbebaji na mgonjwa, na kwa mtoto mchanga mwenye F tele haifai. Vijiti vya haraka vya siku hizi vinavyotumia kingamwili vinamtenga, navyo havihitaji soketi. Cha ajabu ni kwamba jibu lake huandikwa kwa herufi zilezile za jeli, A na S, ingawa hakuna kilichovutwa na umeme.

Herufi zimekwenda mbali kuliko mashine. Nigeria wachumba huulizana AA, AS au SS kabla hata ya kuulizana mahari. Saudi Arabia imewalazimisha wanaotaka kuoana kupima tangu 2004. Kongo mtoto huitwa SS na jirani asiyewahi kuiona jeli. Na maabara zilipoanza kuishiwa herufi zikageukia majina ya mahali: ipo himoglobini iitwayo Korle Bu, kwa hospitali ya Accra, na nyingine Bart's, kwa hospitali ya London ambako Lehmann alihamia baada ya Uganda.

Katika zahanati moja wilayani Kasese nilimkuta mama aliyekabidhiwa kadi ya mwanawe. Ilikuwa imeandikwa Hb SS kwa kalamu ya buluu. Akaitazama mbele, akaigeuza, akauliza hizo mbili ni alama za mtihani? Nesi hakucheka. “La, mama, tazama,” akasema, akaichukua kadi, na pembeni ya zile herufi akachora duara moja, kisha kitu kilichopinda kama mwezi mchanga. Mama akasema kile kilichopinda kinafanana na kisu cha kukatia nyasi za ng'ombe. Nesi akakubali kwamba kinafanana.