Kidole Kilichopanda Angani: Habari za Kufyatua Kamera kutoka Mbali



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za Klabu ya Fizikia ya miaka ya tisini. Nimejaribu, nikaona kuwa habari za klabu peke yake hazijazi hata ukurasa mmoja, maana mengi tuliyoyaanza yalitushinda. Lakini liko jambo moja tulilolifanikisha nusu, nalo limenifuata mpaka kazini. Jambo lenyewe ni namna ya kupiga picha kutoka juu ilhali mpiga picha mwenyewe amebaki chini.

Waliokuwa Kidato cha Tatu mwaka 1996 hawajasahau ile tiara kubwa ya mianzi na nailoni ya shambani. Mwalimu wetu wa Fizikia alitoa kamera yake ndogo ya plastiki, na mpishi mkuu akatupa kamba ya katani kwa masharti ambayo sitayataja hapa. Kuipandisha kamera halikuwa tatizo, kwani upepo wa Julai tunaujua sote. Tatizo lilikuwa kitufe: nani atakibonyeza huko juu? Tulifunga uzi wa pili ili tuuvute kutoka chini, lakini upepo ukatutangulia kuuvuta, tukapata picha nzuri sana ya nyasi. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye kitanda chake bwenini kilikuwa karibu na dirisha lililovunjika, akaja na shauri la dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya mviringo. Kipande cha sentimita tatu kiliungua kwa karibu robo saa. Moto ulipoufikia uzi ukaukata, na uzi ulipokatika, ukanda wa tyubu ya baiskeli ukavuta kijiti kilichobonyeza kitufe. Kwa kuwa filamu ilisogezwa kwa mkono, kila safari ya tiara ilitoa picha moja tu. Tulirusha mara nne. Picha moja kati ya hizo ilionyesha paa la bwalo, mwembe, na mtu fulani nyuma ya jiko saa ambayo alipaswa kuwa darasani. Mtu huyo leo ni mheshimiwa, basi tumwache.

Tulijiona wavumbuzi. Miaka michache baadaye, nikiwa mwanafunzi wa upimaji wa ardhi, wakati chuo chetu kikiwa bado ni tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilisoma habari za Mfaransa aitwaye Arthur Batut. Bwana huyu alirusha kamera kwa tiara katika mji wa Labruguière, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1888. Na alifyatuaje? Kwa utambi uliowaka polepole hadi ukaachilia shata, yaani kile kilango kinachofunguka na kufumba mbele ya filamu. Tulichelewa kwa miaka 108.

Kabla ya Batut, Nadar alikuwa amepiga picha kutoka kwenye puto karibu na Paris mwaka 1858. Picha hizo zimepotea, na picha ya namna hiyo iliyo kongwe kuliko zote zilizobaki ni ile ya mji wa Boston, aliyoipiga James Wallace Black mwaka 1860. Lakini mabwana hao walipanda wenyewe, na kidole chao kilikuwa papo hapo kwenye kamera. Batut alikitenga kidole na mwili. Kisha akafanya jambo la pili ambalo mimi sikulitilia maanani niliposoma mara ya kwanza: shata ilipofyatuka, kipande cha karatasi kiliachiliwa kikaonekana kutoka chini, naye akajua kuwa picha imepigwa, sasa avute kamba. Mimi nililiona hilo kuwa pambo tu. Nitalirudia.

Aliyefuata kwa ukubwa wa kazi ni George Lawrence wa Chicago. Tetemeko la ardhi lilipoubomoa mji wa San Francisco tarehe 18 Aprili 1906, na moto ukamaliza kilichosalia, Lawrence alifika na kundi la tiara. Tarehe 28 Mei mwaka huo aliunganisha tiara 17 kwenye kamba moja na kuinua kamera yenye uzito wa kilo 22 hivi hadi karibu mita 600 juu ya ghuba. Kamera ile ilipiga picha ndefu ya mlalo iliyouonyesha mji mzima, mitaa imebaki mistari mitupu kati ya vifusi. Yeye hakutumia moto. Alipitisha waya wa umeme pamoja na kamba, akabonyeza swichi akiwa chini, na mkondo ukaenda kufyatua shata. Hapo umeme ulifanya kazi ya kidole kwa heshima yake kamili. Na shata ilipofyatuka, mwavuli mdogo uliachiliwa kutoka kwenye kamera, watu wa chini wauone. Yaani naye pia alitaka jibu.

Mjerumani mmoja mwuza dawa, Julius Neubronner, alifunga kamera kifuani mwa njiwa na kupata hataza yake mwaka 1908. Kamera hiyo ilifyatuliwa na hewa iliyovuja taratibu kutoka kwenye kifuko. Ni kisa cha kupendeza, lakini njiwa hapokei maagizo, kwa hiyo hakitusaidii sana.

Waya wa Lawrence ulikuwa na kasoro yake, nayo ni kwamba kamera haiwezi kwenda mbali zaidi ya waya. Dawa ya kasoro hiyo ilikuwepo tayari. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo aliyoiendesha kwa mawimbi ya redio bila waya wowote. Majeshi yalilichukua wazo hilo, na kufikia miaka ya hamsini jeshi la Marekani lilikuwa na ndege ndogo zisizo na rubani zilizobeba kamera. Raia wapenda ndege za kuchezea walifuata nyuma kwa mfuko wao wenyewe.

Yafaa nieleze jinsi mambo yanavyokwenda ndani ya ndege hizo, kwa ajili ya wenzetu waliokimbilia mchepuo wa Historia. Kila sehemu ya ndege inayosogea ina kimota kiitwacho sevo. Redio hukipelekea pigo la umeme mara 50 kwa sekunde. Pigo likidumu milisekunde 1 mkono wa sevo hulala upande mmoja, likidumu milisekunde 2 hulala upande wa pili, na milisekunde 1 na nusu ni katikati. Wapiga picha wa mwanzo walifunga sevo juu ya kamera, mkono wake ukabonyeza kitufe. Hicho ni kidole hasa, tena kizito, chenye kutetemesha picha. Baadaye kamera zilipopata tundu la waya wa kufyatulia, kazi ikawa nyepesi zaidi: ni kugusanisha nyaya tu. Katika kamera nyingi nyaya hizo ni tatu, mmoja wa pamoja, mmoja wa kulenga na mmoja wa kufyatua. Ukigusanisha wa kulenga kwanza, kisha wa kufyatua, picha imepigwa.

Mwaka 2013 nilitengeneza kifyatuo cha namna hiyo mwenyewe. Ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ilikuwa imepata ndege ndogo ya povu, na kifyatuo cha dukani kilizidi bajeti. Nikalehemu usiku mezani kwangu, mke wangu akilalamikia moshi. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa ukucha ilipima urefu wa pigo kutoka kwenye redio. Likizidi milisekunde 1.7, iliwasha kijitaa kilichofungiwa pamoja na jicho lake ndani ya kidude kimoja cheusi, na jicho hilo likagusanisha nyaya za kamera. Kwa njia hiyo umeme wa ndege haukugusa kamera hata kidogo. Gharama yake yote haikufikia bei ya kuku wawili.

Kazi tuliyopewa ilikuwa kupiga picha za nyumba za bonde moja la mto ambalo watu wake walitakiwa kuhamishwa kwa fidia. Mvua zilikuwa zimekaribia. Asubuhi tulijaribu kifyatuo mara kumi chini, kikaitika mara kumi. Tukarusha. Ndege ilizunguka juu kwa dakika kadhaa ikisubiri upepo utulie, kisha nikaanza kutoa amri, zaidi ya sitini, mstari kwa mstari, juu ya mapaa yote. Tulipofungua kadi ya kamera tulikuta picha kumi za viatu vyetu, basi. Kamera ilikuwa imewekwa izime yenyewe isipoguswa kwa dakika moja, nayo ilijizima wakati wa kuzunguka. Amri zangu zote zilikwenda kwa kamera iliyolala. Kutoka mita 150, mota ikivuma, hakuna awezaye kusikia kama shata imelia au la.

Usiku ule mvua ikanyesha. Tuliporudi siku ya tatu, mto ulikuwa umechukua nyumba kadhaa za ukingoni. Bibi mmoja alinijia. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, ile ndege yenu juzi ilipita nikiwa nimesimama mlangoni. Nyumba yangu mmeiona?" Nilimwambia kweli kwamba hatukuiona. Balozi wa nyumba kumi alitoa ushahidi, na mimi niliandika barua kueleza kuwa kosa lilikuwa la chombo changu, ingawa mkubwa mmoja alinionya kwamba mtumishi hajiandikii mashtaka. Bibi alilipwa baada ya mwaka na zaidi. Alilipwa fidia ya kibanda, naye alikuwa na vyumba vinne na paa la bati.

Hapo ndipo nilipoikumbuka karatasi ya Batut na mwavuli wa Lawrence. Mabwana wale walijua, kabla ya transista kuzaliwa, kwamba kupeleka amri ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kupata jibu. Mimi mwenye shahada sikujua.

Nikakifumua kifyatuo nikakitengeneza upya. Juu ya kamera pana mahali pa kufungia taa ya flashi, na mguso wake hujifunga wakati ule ule shata inapokuwa wazi. Nilitoa waya hapo, ukarudi kwenye ile kompyuta ndogo. Sasa kila picha iliyopigwa kweli ilipeleka mlio mmoja wa redio kwetu chini, na pia iliandika saa na mahali kutoka GPS, ambayo tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuivuruga makusudi, imekuwa ya kutegemewa na raia. Hilo la mahali si dogo. Ndege iendayo mita 15 kwa sekunde, kamera ikichelewa nusu sekunde, picha imeshasogea mita 7 na nusu. Katika mitaa yetu hiyo ni nyumba ya jirani.

Siku hizi vitu hivi vinakuja vimekamilika ndani ya ndege. Dar es Salaam vijana wa vyuo walichora ramani za mitaa kama Tandale kwa picha za namna hii mwaka 2015, na mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ilianza kuzipiga picha Unguja na Pemba, wakishiriki wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Vijana hao hawahitaji kulehemu. Siwaonei wivu, ila nikikutana nao huwauliza kamera yao inawajibuje, na wengine hunitazama kama mzee aliyechanganyikiwa.

Kifyatuo changu cha pili bado kinafanya kazi. Nitakuja nacho siku ya mkutano wetu, pamoja na tiara, upepo ukiruhusu. Ndege nimeiacha, kwa sababu ya vibali. Mwalimu wa Fizikia wa sasa amekubali vijana wake wakifungue wakitazame ndani. Nami nina ombi moja: negativu ya ile picha ya bwalo ilibaki kwa mmoja wetu tulipomaliza Kidato cha Nne. Aliye nayo aje nayo. Yule mheshimiwa ameniahidi kwamba hatakasirika.