Wakala au Mjumbe?

Katika nyumba moja ya Ujiji, juu ya kabati la vyombo, kuna sanduku jeusi ukubwa wa tofali. Ndani yake zimo diski mbili: picha za harusi, sauti ya marehemu babu akisimulia safari za ziwani, nakala za hati za shamba. Limeunganishwa na ruta, na kila simu ya nyumbani hulifikia. Siku nilipokwenda kuliwekea programu ya kuliangalia, nilimwambia mwenye nyumba, "Mzee, naweka wakala humu."

Akanitazama. "Wakala gani tena, mwanangu? Wakala si yule pale sokoni tunakotolea hela?"

Alikuwa sahihi kuliko mimi. Programu ndogo inayokaa ndani ya mashine na kupeleka habari zake kwa seva ya uangalizi, mafundi wenzangu huiita ejenti, na anayetaka Kiswahili hukimbilia wakala. Neno hilo lina nasaba nzuri. Limetoka Kiarabu, mzizi mmoja na wakili. Lakini wakala wa Kiswahili cha leo ni mtendaji. Wa simu anashika fedha zako. Wa Barabara, yaani TANROADS, anajenga na kukarabati. Programu yangu haijengi wala haishiki kitu. Inasoma joto la diski, nafasi iliyobaki na sekta zilizoharibika, kisha inasema.

Ujiji ndio mahali pa kuielewa tofauti hiyo. Oktoba 1871 mpelelezi David Livingstone alirejea hapa kutoka Manyema, mgonjwa, akitegemea shehena aliyoletewa kutoka Unguja. Akakuta vitambaa na shanga vimekwisha. Sherif, aliyekabidhiwa mali ile, alikuwa ameiuza yote; kwa maelezo ya Livingstone, alipiga fali kwa msahafu akaona mwenyewe ameshakufa. Mwandishi wa habari Henry Stanley alipomkuta, Livingstone alikuwa karibu hana kitu. Huo ndio uzito wa kumpa mtu mkono juu ya mali yako nawe hupo.

Kwa hiyo mimi nasema mjumbe. Tunamjua tangu mjumbe wa nyumba kumi: anaishi humo humo mtaani, anajua nani kaingia na nani kahama, na kazi yake ni kufikisha habari. Hata ruhusa nilizompa mjumbe wangu wa sandukuni zinafanana na cheo hicho. Afya ya diski haisomeki bila haki za msimamizi wa mfumo, nami sikumpa haki zote. Nilimwandikia ruhusa ya amri moja tu, ile ya kusoma diski. Hawezi kufuta hata picha moja.

Neno hili linasaidia pia mahali ambapo wakala angetuchanganya. Katika Zabbix, programu ya uangalizi niliyotumia, kuna njia mbili. Ya kwanza, seva inabisha kwenye poti 10050 na kuuliza, naye mjumbe anajibu. Ya pili, anatoka mwenyewe kwenda kuripoti kwenye seva, poti 10051. Nyumba ile inapata intaneti kwa laini ya simu, na laini kama hiyo kwa kawaida haina anwani inayoweza kufikiwa kutoka nje. Seva ingebisha mpaka kesho. Nikachagua ya pili. Mjumbe wa kutumwa na mjumbe wa kungoja kuulizwa: mzee alielewa papo hapo, sikuchora mchoro wowote.

Kuna pia ukimya wa mjumbe. Kigoma iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, na kukatika kwa umeme hakumshangazi mtu hapa. Nimeiagiza seva inishtue mjumbe akinyamaza dakika tano, kwa kuwa sanduku lililozimika haliwezi kujisemea.

Liko suala la ngeli. Wapo wanaotaka "mjumbe imesema" kwa kuwa ni programu. Sikubali. Jina la mtu hubeba upatanisho wa mtu.

Wiki ya tatu mzee alinipigia asubuhi. "Mjumbe anasemaje leo?" Nilikuwa nimeshasoma: diski ya pili, sekta 8 zilizoharibika zimehamishwa, na jana zilikuwa 2. Nikamwambia tuagize nyingine kabla ya hiyo kufa, na sauti ya babu tuinakili usiku huo huo.