Springi si shokapu

Gari likilala nyuma, wengi husema, “Shokapu zimekufa.” Kauli hiyo huwatia watu hasara. Uzito wa gari hubebwa na springi. Shokapu, ambayo wengine huiita shokomzoba, huituliza springi isiendelee kudunda baada ya tuta.

Tofauti hiyo wanaijua vizuri mafundi wa Marekani wanaofufua magari ya kale. Chevrolet Camaro ya 1967 ilitoka kiwandani na springi ya bapa moja kila upande wa nyuma. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, bapa hujipinda, ekseli ikajizungusha kidogo na matairi yakarukaruka. Shokapu mpya peke yake haitibu ugonjwa huo. Wengi huondoa mabapa, wakafunga springi za koili zilizovishwa juu ya shokapu, pamoja na vyuma vya kuishika ekseli. Hata zikivishwa pamoja hivyo, kila moja hubaki na kazi yake.

Basi tuyatenganishe maneno haya gereji. Anayetaja sawasawa kilichoharibika hulipia hicho tu.