Ganda la mpira, chupa ya chai na roketi: nani alibaki na jina?



Kambini mtoto akitaka kucheza hangoji kuletewa mpira. Anakusanya mifuko ya plastiki na matambara, anaviringisha, halafu anafunga kamba juu. Ule ufungaji ndio kazi yenyewe. Ukilegea, mpira unafumuka kabla ya goli la kwanza. Yaani kinachoufanya mpira uwe mpira ni ganda. Historia ya ganda hilo ni ndefu, na ukiifuata inakufikisha mpaka kwenye roketi. Njiani kuna swali linalotuhusu sana: aliyebuni kitu, yeye alibaki na nini?

Zamani kule Ulaya mpira wa miguu ulikuwa kibofu cha nguruwe, kinapulizwa kwa mdomo, kisha kinafunikwa ngozi. Utomvu wa mti wa mpira ulikuwa unajulikana, lakini vitu vilivyotengenezwa nao vilinata wakati wa joto na kupasuka wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiuchanganya na salfa na kuupika, unakuwa imara na bado unavutika. Mwaka 1844 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya kumzuia mwingine asiige uvumbuzi wako. Lakini watu waliiga tu, na kule Uingereza Thomas Hancock alikuwa amemtangulia kuandikisha. Kesi na madeni vikamwandama Goodyear hadi akafariki mwaka 1860, akidaiwa karibu dola 200,000. Ile kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898 na watu wengine kabisa, wala familia yake haikuhusika.

Katika mji wa Rugby, Uingereza, alikuwepo fundi viatu aitwaye Richard Lindon. Mke wake ndiye alikuwa akipuliza vile vibofu vya nguruwe, na inasimuliwa kwamba vilimletea ugonjwa wa mapafu hadi akafariki. Lindon akatafuta njia nyingine: kibofu cha mpira ndani ya ganda la ngozi, na pampu ya kukijaza. Hakuandikisha kitu. Wengine wakachukua wazo, wakauza.

Sisi tuliotoka Kongo hatuwezi kupita hapa kimya. Baada ya Dunlop kuleta tairi la upepo mwaka 1888, dunia ilishikwa na njaa ya mpira. Katika Dola Huru ya Kongo, chini ya Mfalme Leopold wa Pili (1885 hadi 1908), babu zetu walilazimishwa kukinga utomvu porini. Aliyeshindwa kufikisha kiasi alichapwa viboko, mkewe alishikwa mateka, na wapo waliokatwa mikono. Majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Ganda la ngozi nalo lilikuwa na kasoro. Pale linapofungwa palikuwa na kamba nene, na ukipiga kichwa hapo, jamani, unaumia. Mwaka 1931 watu watatu wa Bell Ville, mji mdogo wa Argentina, walibuni mpira usio na kamba, unaojazwa kwa vali. Ni Romano Polo, Antonio Tossolini na Juan Valbonesi. Hawa waliandikisha, na mpaka leo mji wao unasifika Argentina kwa mipira.

Sasa tugeuze kazi. Ganda la mpira linazuia hewa isitoke. Je, ukitaka ganda la kuzuia joto lisiingie? Ndilo swali la Mskoti James Dewar, aliyekuwa akifanya majaribio ya baridi kali kule London. Mwaka 1892 alitengeneza chupa yenye kuta mbili, hewa ya katikati ikatolewa yote, maana pasipo hewa joto linapita kwa shida. Mwaka 1898 akaifanya hidrojeni kuwa kimiminika. Hiyo inachemka kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri! Lakini Dewar naye hakuchukua hataza. Fundi vioo Mjerumani, Reinhold Burger, aliona chupa ile inafaa kutunza kinywaji kikiwa moto. Mwaka 1904 jina Thermos likaingia sokoni. Dewar akaenda mahakamani, akashindwa. Kwa hiyo chupa ya chai ya mama nyumbani ni kazi ya Dewar, ila faida ilikwenda kwa wengine.

Baridi hiyo ndiyo iliyopeleka roketi juu. Tarehe 16 Machi 1926 Mmarekani Robert Goddard alirusha roketi ya petroli na oksijeni ya kimiminika. Ilikaa hewani sekunde 2.5 tu, ikapanda mita 12 hivi. Mwaka 1962 roketi ya Centaur, yenye hidrojeni ya kimiminika, ilipasuka chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa sababu ganda la kuzuia joto lilibanduka kwenye tangi. Walirekebisha, na Novemba 1963 ikafika angani salama.

Goddard aliandika kila kitu. Alifariki mwaka 1945, lakini mkewe Esther alitunza daftari zake, na kati ya hataza 214, 131 zilipatikana baada ya kifo chake. Mwaka 1960 serikali ya Marekani ililipa dola milioni moja kwa kuzitumia.

Sisi tunabuni kila siku: majiko, taa, mipira. Basi uwe na daftari. Chora, andika tarehe, mpe mtu mmoja unayemwamini aweke sahihi. Usikimbilie kuonyesha hadharani, maana katika nchi nyingi kitu kilichokwisha kuonekana hakihesabiwi tena kuwa kipya. Na nyinyi wa mashirika, kwenye mafunzo ya biashara ongezeni somo hili. Mkipiga picha ya kitu alichobuni kijana wa kambini, muulizeni kama anataka jina lake liandikwe. Akikubali, liandikeni kamili, wala msiishie kwenye "mnufaika".