Maji Yanapopenya Ukuta wa Nyuma: Nyumba Zilizochimbiwa Mteremkoni

Msikilizaji wa Lushoto, Rungwe au popote penye milima anaijua nyumba ya namna hii. Kiwanja kilikuwa mteremko, fundi akakata kilima kupata usawa, na ukuta wa nyuma ukajengwa ukigusa udongo. Ukiingia mlangoni huoni tatizo, ila chumba cha nyuma kiko nusu ardhini. Mvua zikikolea ukuta ule unatoa jasho, rangi inabanduka, na magunia ya mahindi yaliyoegemezwa pale yanaota ukungu. Hapo hasara si ya rangi tena, kwa sababu mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu.

Wengi hukimbilia kupiga lipu mpya kwa ndani. Ni kutupa saruji. Maji yakijikusanya nyuma ya ukuta hadi kina cha mita 1, kule chini yanausukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 1 kwa kila mita ya mraba. Lipu haizuii kitu hapo. Kazi inaanzia nje.

Kabla ya kununua chochote, jua maji yanatoka wapi. Pangusa sehemu ya ukuta ikauke, bandika kipande cha nailoni na ukizibe pande zote kwa gundi ya karatasi, kisha subiri siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa kupikia na pumzi za watu, fungua madirisha. Yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanapita ukutani. Ukuta usiokauka hata kiangazi, shuku chemchemi au bomba. Mwenye mita ya maji afunge mabomba yote usiku na kuandika namba. Asubuhi zikiwa zimesogea, bomba linavuja.

Halafu tazama juu. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo bati lililofunika mita za mraba 60, mvua ikinyesha milimita 50, linamwaga lita 3,000. Paa la migongo miwili linamwaga nusu yake nyuma, palepale kwenye msingi. Gata na pipa la kukingia ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote, tena unapata maji ya kufulia.

Yanayoteremka kutoka shambani yakatwe na mtaro juu ya nyumba, unaoyazungusha pembeni. Usiyaelekeze kwa jirani, utazua kesi nyingine. Karibu na ukuta, udongo ushindiliwe ukiinamia mbali na nyumba, kama sentimita 5 kwa kila mita.

Ikiwa bado yanapenya, chimba mfereji sambamba na ukuta, chini ya usawa wa sakafu lakini usivuke kitako cha msingi. Weka bomba lenye matundu, mteremko wake angalau sentimita 1 kwa mita, litokee mahali pa wazi pembeni. Lifunike kwa kokoto safi, juu yake kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Ukuta ukiwa wazi, upigwe lipu ya saruji kwa nje na kupakwa lami. Kazi hii ni ya kiangazi, na ichimbwe kipande kwa kipande. Ukifungua urefu wote kwa siku moja, ukuta unaweza kukosa wa kuuegemeza. Mfereji unaopita kiuno usiingiwe bila mbao za kuzuia kingo, maana udongo mbichi humfunika mtu ghafla.

Choo cha shimo kikiwa upande wa juu, yanayopenya si maji ya mvua tu. Watoto wasilale chumba hicho, na chakula kiondolewe.

Ukiona ukuta umevimba, una ufa wa kulala, au ardhi ya juu ya kilima imepasuka, hameni chumba hicho siku hiyohiyo na mmwite fundi mwenye ujuzi. Soketi iliyo kwenye ukuta unaolowa isiguswe hadi umeme uzimwe kwenye swichi kuu.