Kuitembelea Shimba Hills kwa gari lako mwenyewe: mambo ya kupanga kabla ya kuondoka

Wakazi wengi wa Kwale wanamjua ndovu kama mgeni wa usiku anayemaliza mahindi na minazi. Wachache wamewahi kuingia upande wa pili wa ua na kumtazama akiwa kwake. Ikiwa wewe, kikundi chenu au shule ya kijijini mnapanga safari hiyo, haya ndiyo ya kuzingatia.

Iko wapi, na ina nini?

Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills iko katika Kaunti ya Kwale, kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Mombasa. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyamapori mwaka 1968 na inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ni msitu wa pwani uliochanganyika na nyika za nyasi. Hapa ndipo mahali pekee nchini Kenya penye palahala wa porini. Huyu ni swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni. Dume huwa mweusi na jike ni wa hudhurungi. Wapo pia ndovu, nyati, twiga, nyani, mbega na chui.

Njia ya kufika

Ukitoka Mombasa unaweza kuvuka feri ya Likoni au kupitia barabara ya Dongo Kundu, ambayo hukuepusha na foleni ya feri. Zote hukufikisha kwenye barabara kuu ya Lungalunga. Ukifika Kombani, kata kulia upande hadi mji wa Kwale. Lango kuu liko mbele kidogo ya mji. Jaza mafuta kabla ya kuingia, kwa maana ndani hakuna kituo.

Malipo

Malango ya KWS hayapokei pesa taslimu. Unalipa kwa eCitizen, na gari lina ada yake mbali na ya watu. Angalia viwango vya sasa kwenye mtandao huo, kisha ulipe ukiwa nyumbani au mjini, kwani ndani ya msitu simu hupoteza mtandao. Kila mtu mzima abebe kitambulisho. Bila hicho ni vigumu kuthibitisha kuwa unastahili ada ya raia. Wengi hukodi matatu moja na kuchanga, na gharama hupungua.

Gari gani linafaa?

Barabara za ndani ni za udongo na changarawe, zenye miinuko mikali. Wakati wa kiangazi, gari dogo lenye matairi mazuri huweza kupita njia kuu. Mvua za masika, hasa Aprili hadi Juni, hufanya njia ziteleze, na hapo linatakiwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Muulize askari langoni njia zipi zinapitika leo. Beba gurudumu la akiba, jeki, maji ya kunywa na chakula. Pikipiki haziruhusiwi, kwa hiyo usipange kuzunguka na bodaboda.

Sheria za ndani

Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi na mbili jioni unatakiwa uwe nje. Usizidi kilomita 40 kwa saa. Usiache barabara, na usishuke garini isipokuwa sehemu zilizotengwa. Usilishe nyani. Chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote tangu Juni 2020. Beba maji kwenye chombo cha kurudi nacho.

Ukikutana na ndovu barabarani

Simama mbali na usizime injini. Usipige honi wala kumulika taa, na usipite kati ya mama na mtoto. Akitandaza masikio, akitikisa kichwa au akipiga kelele, anakuonya: rudi nyuma polepole. Mwachie barabara hata kama utasubiri nusu saa. Gari likiharibika, kaeni ndani na mpige simu langoni. Kwa hiyo hifadhi nambari ya lango kabla ya kuingia.

Maporomoko ya Sheldrick

Maji haya huanguka zaidi ya mita 20, na hufikiwa kwa miguu pamoja na askari mwenye silaha. Panga jambo hili langoni mapema asubuhi. Kushuka ni rahisi. Kurudi ni kupanda mlima kwenye joto, basi wazee na watoto wadogo wafikiriwe.

Muda wa kutosha

Ingia alfajiri, kwa kuwa wanyama hujificha msituni jua linapokuwa kali. Saa za asubuhi zikupeleke kwenye nyasi kuwatafuta palahala, kisha maporomoko, na mchana upumzike Giriama Point, ambako siku isiyo na ukungu unaona hadi baharini. Anza kurudi saa kumi jioni. Tope au ndovu mmoja barabarani anatosha kukuchelewesha saa nzima, na giza la msituni si la kujaribia.