Mti na Ufalme: Habari ya Msalaba katika Nchi ya Meru

Habari ya mfalme aliyeangikwa mtini ilifika katika nchi za mlima Meru wakati ambapo kamba ya kunyongea ilikuwa haijasahauliwa. Mwezi wa Oktoba 1896, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa chama cha Leipzig, waliuawa Akeri na wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Kapteni Johannes akalipiza kisasi kwa moto na kwa kuteka ng'ombe. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani wakawanyonga huko Moshi Mangi Meli, Mangi Lobulu wa Meru na wenzao kadhaa. Kisha wamisionari wakarudi: Nkoaranga mwaka wa 1902, Ilboru mwaka wa 1904. Safari hii boma la Arusha lilikuwa nyuma yao.

Kunyonga mbele ya watu kulikuwa na maana moja, ya kuwa mangi hana tena mamlaka mbele ya mwenye bunduki. Warumi walikuwa na nia iyo hiyo walipowasulubisha watumwa waasi wapatao 6,000 kando ya njia iendayo Rumi, mwaka wa 71 kabla ya Kristo. Anwani iliyowekwa juu ya kichwa cha Yesu, ikimwita mfalme kwa Kiebrania, Kilatini na Kiyunani, ilikuwa dhihaka.

Injili ya Yohana yaigeuza dhihaka hiyo kuwa kweli. Hutumia tendo moja la Kiyunani lenye maana mbili, kuinua juu na kutukuza. Basi kuangikwa ndiko kutawazwa, wala si aibu inayongoja kufutwa na ufufuo. Kiswahili kina bahati hapa, kwani "kuinuliwa" huchukua maana zote mbili bila kulazimishwa, hali "kusulubiwa", neno lenye asili ya Kiarabu kama "msalaba", hutaja adhabu tu.

Neno "mfalme" ni gumu zaidi. Wameru walikuwa na mangi. Waarusha hawakuwa na mfalme hata kidogo: kila rika lilikuwa na laigwenani wake, ambaye nguvu yake ilikuwa kusema vema na kusikilizwa, wenzake wakimwacha, hana amri. Kwa Mmeru, mtawala aliyenyongwa alikuwa jambo lililokwisha kuonekana, tena lilionekana kuwa ni kushindwa. Kwa Mwarusha, mfalme asiye na askari, atawalaye kwa neno lake, labda hakuwa mgeni kabisa. Haya yasidhaniwe kuwa ndiyo yaliyowaleta watu kwenye ubatizo. Shule nayo ilikuwa na mvuto wake.

Wahubiri wenyewe walikuwa katika shida kubwa kuliko ya maneno. Walisimulia habari za mtu aliyeuawa na dola, nao wakilindwa na dola iliyomnyonga Lobulu miaka miwili tu kabla ya kujengwa Nkoaranga. Msikilizaji aliyeyaona ya Moshi alikuwa na haki ya kuuliza mhubiri huyu alisimama upande gani wa mti.